Faili Jekundu la Mwalimu Kabula

Vijana wangu wa masjala,

Siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nikawajibu nitaona. Nimeona. Nimekaa hapa barazani kwangu Kawajense, nina daftari la kurasa mia na kalamu ambayo, naapa, si ya serikali. Sitawaeleza nilipanda vyeo gani wala lini. Hayo yamo kwenye faili langu, na mnajua lilipo. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na jambo moja ambalo sijawahi kumsimulia mtu wa ofisini. Mkisha kulisoma mtaniona tofauti, na ninyi mna haki hiyo.

Niliripoti hapo halmashauri nikitokea kwetu Usevya, nimevaa suruali ya kaka yangu iliyokunjwa kiunoni mara mbili. Nilidhani kazi ya ofisini ni kukaa kwenye kiti. Siku nzima ya kwanza sikukaa. Mkuu wa masjala alikuwa mama mmoja Mfipa, mnene, mpole wa sauti, aliyeitwa Skolastika, na wote tulimwita Mama Skola. Alinipa kitambaa, akanionyesha rafu zilizojaa kutoka sakafuni hadi darini, akaniambia nifute vumbi faili moja baada ya jingine bila kufungua hata moja. Nilimaliza saa kumi. Akauliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu, mama, ni vumbi tu. Akatikisa kichwa, akaniruhusu nirudi kesho yake. Baadaye nilijua kwamba aliyekuwa mbele yangu alijibu swali hilo hilo kwa kusema ameona afisa kilimo ana maonyo mawili. Yule hakurudi.

Mama Skola alikuwa hamwamini mtu, na ndiyo kazi aliyonifundisha. Alisema mtu akija dirishani kwetu kuomba kitu, mara nyingi anataka kitu kingine. Anayeuliza tarehe yake ya kuajiriwa anataka kuona faili la jirani yake lililolazwa juu ya meza. Anayekuletea maandazi asubuhi atakuletea swali mchana. Anayekuita mzee wangu mara tatu kwenye sentensi moja, funga droo. Nilicheka wakati ule. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nafunga droo hata akiingia katekista.

Na alikuwa na kanuni yake moja, ambayo sikuiona katika mwongozo wowote wa serikali. Barua ikiingia, ili uiweke mahali pake unahitaji kusoma vitu vitatu tu: tarehe, kichwa cha habari na saini. "Katikati pana wenyewe," alikuwa akisema. Mkono wake ulizoea hivyo, alifunika katikati ya barua kwa kiganja huku akiandika namba. Nami nikazoea. Namba yenyewe tuliiandika kwa kalamu nyekundu, juu kulia, ndani ya duara, karatasi ya kwanza moja, ya pili mbili, na kuendelea. Tunaiita folio. Nyie wa kompyuta mnaona ni ushamba, lakini karatasi ikichomolewa, namba inapiga kelele yenyewe. Sijui mashine zenu zinapiga kelele gani, hasa nikikumbuka nywila mlizobandika ukutani.

Adui zetu walikuwa wawili, mchwa na watu. Mchwa tuliwamudu kwa mafuta ya taa. Watu walikuwa na mbinu zaidi. Kulikuwa na bwana mmoja, mkewe ni muuguzi, ambaye kila mwezi alipita kuulizia siku za likizo za mke wake, eti wapange safari ya kwenda kwao. Mtu mstaarabu, kofia mkononi. Nilikuwa nakaribia kumsaidia. Mama Skola akampa karatasi, akamwambia mke wako aandike hapa kwamba amekutuma, atie saini, nitakupa hata siku zake za kuzaliwa. Hatukumwona tena. Miezi michache baadaye yule muuguzi alihamia mkoa mwingine, peke yake, na ndipo nikaelewa bwana alikuwa ananusa nini.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumiza mtu kwa uzembe. Walikuwepo walimu wawili wenye jina la Maganga, mmoja wa sekondari na mmoja wa shule ya msingi. Onyo la ulevi la yule wa sekondari nililiweka kwa yule wa msingi, na nakala ikamfuata shuleni kwake, ikasomwa na mwalimu mkuu kabla yake. Maganga wa msingi alikuwa mlokole, hata soda alikunywa kwa tahadhari. Barua ya kumwomba radhi ilitoka baada ya wiki moja. Jina la ulevi lilimkaa mpaka anastaafu. Nilijifunza kwamba karatasi ikishatoka nje hairudi, hata ukituma nyingine kuifuata mbio.

Sasa nifike kwa Mwalimu Kabula.

Alikuja kuripoti akiwa binti mwembamba, vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni, miguu yote vumbi jekundu. Faili lake nililifungua mimi. Alikuwa Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao, naye akapangiwa shule ya upande wa kwetu Usevya, huko Mpimbwe. Nikamtania, nikamuuliza kama ng'ombe wao wameshaacha kula mpunga wetu. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye fomu, "Mpunga wenu ndio uliopandwa njiani kwa ng'ombe." Mama Skola alicheka mpaka akatoa miwani. Kuanzia siku hiyo Kabula alikuwa mtu wetu. Akipita mjini lazima aingie kutusalimia, na hakuwahi kuomba kuona kitu, hata faili lake. Katika kazi yetu mtu wa namna hiyo unamhesabu kwa vidole.

Baada ya miaka kadhaa ya kufundisha akatoweka. Ninasema kutoweka kwa sababu ndivyo watu walivyosema. Kwetu masjala ilikuwa barua yenye kichwa cha habari KUOMBA LIKIZO BILA MALIPO, tarehe, na saini yake iliyonyooka. Niliipa folio namba kumi na nne, kiganja changu kikiwa mahali pake. Miezi saba. Akarudi, akashika chaki, akaendelea kama vile alikwenda dukani. Hakueleza alikokuwa. Huku kwetu mwanamke asiye na mume akiondoka miezi saba, watu hawasubiri aeleze. Wengine walisema alikwenda kuzaa, akamwacha mtoto huko. Wengine wakasema alijaribu usista, ukamshinda. Wengine, kwamba kichwa chake kilichanganyikiwa. Alipoambiwa haya usoni alikuwa anacheka, halafu anauliza habari za nyumbani kwako.

Mama Skola alistaafu, akafariki, masjala ikabaki kwangu. Kabula akaacha ualimu, akagombea udiwani, akashinda, akashinda tena. Mwalimu akiingia siasa faili lake halimfuati. Linabaki rafu ya walimu pale pale. Halafu, baada ya uchaguzi ule wa mwisho, likatoka neno kwamba anautaka uenyekiti wa halmashauri. Madiwani wangechagua kwenye baraza la kwanza. Hapo ile miezi saba ikafufuka.

Alinijia wiki tatu kabla ya baraza. Alisimama dirishani kama mtu mwingine yeyote. Alisema, "Mzee Desderi, nasikia watu wananichimba. Sikuombi kitu kikubwa. Faili langu asipewe mtu ambaye hana barua." Basi. Nikamwambia aende kwa amani.

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa, maana hili kosa lisingefanywa na mtu wa kawaida, lilihitaji mtunza masjala mwenye uzoefu. Nilitaka kumlinda kupita alivyoomba. Nikalitoa faili lake kwenye rafu ya wazi, nikalivua jalada la kaki, nikalivika jalada jekundu, nikaligonga muhuri wa SIRI, nikalifungia kwenye kabati la chuma. Na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, nikaandika kwenye rejesta ya mwendo wa mafaili: limehamishiwa masjala ya siri. Kisha pale rafuni, palipobaki wazi, nikachomeka kadi yenye jina lake na maneno hayo hayo, kwa herufi kubwa, ili anayelitafuta asihangaike. Kila hatua niliifanya bila dosari. Rejesta ilikuwa mezani, na kadi ilionekana hata ukiwa nje ya dirisha.

Siku mbili hazikupita. Karani wa ardhi aliona kadi akiwa amekuja kuazima stepla. Kufikia Jumamosi wauza mchele pale sokoni walikuwa wanajua Mheshimiwa Kabula ana faili jekundu, na habari ilifika Kabungu kabla ya basi la mchana. Kabla ya hapo watu walikuwa na uvumi tu. Sasa walikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ni kabati langu. Mtu asiye na jambo anafichiwa nini? Nilisikia swali hilo kanisani, nikalisikia kwa kinyozi, na kibaya zaidi nilianza kulisikia kichwani mwangu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mheshimiwa Gervas, diwani mwenzake, mnunuzi wa mpunga, naye akiutaka uenyekiti huo huo. Alileta mfuko wa samaki, migebuka mikavu ya ziwani, minene, inanukia. Migebuka niliirudisha, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Gervas hakukasirika. Alivuta kiti, akaongea kwa utaratibu kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Mzee wangu, mtu akishaomba kura zetu ni wetu. Hana cha kwake peke yake. Mimi nataka uwazi tu, mzee wangu. Kama ni msafi, faili litamsafisha, mzee wangu." Nilihesabu mara tatu. Nikamwambia alete barua ya mkurugenzi.

Nisimwonee, alikuwa na upande wake wa kweli. Mtu anayepitisha mipango ya zahanati zetu na barabara zetu tuna haki ya kumfuatilia, tena kwa karibu. Kama miezi ile angekuwa ameitumia kula dawa za zahanati, ningemfungulia Gervas kabati kwa mguu. Lakini alikuwa mwalimu wa darasa la nne, aliomba ruhusa, akapewa. Hapo ndipo kila nikimfikiria Gervas nilipokwama. Anataka kujua ili afanye nini?

Kisha akaja bosi wetu wa utumishi, ambaye sitamtaja. Alipita mlangoni kama anayepita tu, akasema nimletee lile faili jekundu alipitie kidogo. Nikamwambia vizuri, bosi, nikampa hati ya kuazima, ajaze jina, cheo na sababu, nami niandike kwenye rejesta. Aliishika ile karatasi muda mrefu. Akasema ataijaza ofisini. Hakuirudisha. Nilitambua siku ile kwamba watu wengi wanaotaka kujua siri ya mwenzao hawataki ijulikane kwamba walitaka. Jambo hilo limenisaidia kuliko kufuli.

Mnaona nilivyokuwa mlinzi hodari. Nilimshuku Gervas, nikamshuku bosi, nikamshuku hadi mama mfagiaji aliyechelewa kutoka. Mtu mmoja tu sikumweka kwenye orodha.

Wiki ya baraza, mchana mmoja, wote walikwenda kula. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata husikii hatua za mtu. Nilijiambia nitahakiki folio zimekamilika, maana zikipungua nitaulizwa mimi. Ilikuwa sababu nzuri, ya kitaalamu, na hata sikuiamini wakati naitoa. Nilifungua kabati. Nilihesabu kwa haki moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Kwenye kumi na nne kiganja changu kilikwenda mahali pake kwa mazoea. Nikakitoa.

Barua ilikuwa fupi. Aliomba miezi saba kwa sababu zake binafsi, na akasema yuko tayari kuzieleza kwa mdomo mbele ya mkuu wake peke yake. Chini yake, mwandiko wa mkurugenzi wa wakati ule, ambaye siku nyingi yuko kaburini: Amenieleza. Nimeridhika. Apewe.

Hayo tu. Nikageuza nyuma ya karatasi, patupu. Nikasoma kumi na tano, taarifa ya kurudi kazini, mstari mmoja. Na sasa niwaambie jambo linalonichoma kuliko yote. Niliudhika. Sikushukuru kwamba hapakuwa na aibu yoyote mle. Niliudhika kama mtu aliyepewa sahani iliyofunikwa akakuta haina kitu. Ndipo nilipojua nilichokuwa natafuta, na kwamba mimi na Gervas tulikuwa tofauti kwa ufunguo tu.

Aibu ile niliitafutia dawa haraka, nikapata wazo ambalo nililiona la busara. Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa anachambua mchele uani, ungo mapajani. Nikamwambia, Mwalimu, maneno haya yanaweza kuisha leo. Mruhusu mkurugenzi folio ya kumi na nne isomwe mbele ya madiwani. Haina kitu. Imeandikwa sababu binafsi tu, na mkurugenzi wa zamani aliridhika. Watanyamaza wote.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Umeisoma," alisema.

Hakuuliza. Nilianza kueleza habari za kuhakiki, nikaacha katikati. Aliniangalia, si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira.

"Gervas nilijua atataka," alisema. "Bosi wako nilijua. Wewe sikukuhesabu kabisa, mzee."

Nilitamani niwe huko Usevya nalinda ndege mashambani. Baadaye akaendelea kuchambua, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba wazo langu halifai. Akiwaonyesha barua, watasema sasa tuambie ulimweleza nini marehemu. Akiwaambia hilo, watataka shahidi. Akileta shahidi, wataanza kumchimba shahidi naye. Watu wanaokutaka mzima hawatosheki na kipande. Aliomba kitu kimoja: nikalirudishe faili kwenye rafu yake, jalada la kaki, kama lilivyokuwa, na ile kadi niitoe. Nilikwenda moja kwa moja, nikafanya hivyo, na nikaandika kwenye rejesta limerudi. Cha ajabu, likiwa rafuni wazi, hakuna aliyeliulizia tena.

Kwenye baraza nilikaa nyuma na kumbukumbu za vikao mapajani. Zamu ya wagombea kuulizwa ilipofika, Gervas hakusimama mwenyewe. Alimsimamisha rafiki yake aulize miezi saba ile mheshimiwa alikuwa wapi, kwa manufaa ya umma. Kabula alisimama. Mtu yeyote pale angeweza kusema uongo mdogo, nilikwenda kuuguza, yakaisha.

"Nilikuwa likizo niliyoiomba, nikapewa," alisema. "Niulizeni barabara, niulizeni zahanati, niulizeni kila kikao nilichokosa na kila nilichosaini, nitajibu mpaka nyie mchoke. Hilo la miezi saba halikuwa kazi yenu wakati ule na leo si kazi yenu. Kama kwa sababu hiyo hamnipi, msinipe."

Wengine waliguna. Mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu ana kiburi. Mimi niliinamia zile kumbukumbu za vikao, maana nilijua kwamba akikosa, aliyemkosesha si Gervas, ni jalada jekundu. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, zikarudiwa kuhesabiwa. Alipita kwa chupuchupu.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Kwangu yalianza. Sasa alikuwa mwenyekiti, na alijua jambo langu ambalo likifika kwa mkurugenzi, mimi nakwenda nyumbani kabla ya siku zangu. Nikaanza kumshuku yeye. Akinipigia simu niende ofisini kwake, najua ndiyo siku yenyewe. Kumbe anataka muhtasari wa kikao cha mwaka jana. Akinisalimia kwa furaha, nasema anacheza na mimi. Akisahau kunisalimia, nasema tayari ameshasema. Niliwaza kwamba ameliweka akiba, siku nitakapomkwaza atalitoa. Ilifika mahali nikafungua faili langu mwenyewe kuangalia kama ameniandikia barua. Lilikuwa halina kitu, isipokuwa sasa nilikuwa na kosa la pili, kufungua faili langu bila ruhusa. Mtu aliyefundishwa miaka yote kushuku hajui afanye nini na mtu anayekaa kimya tu.

Wiki moja kabla ya kustaafu sikuweza tena. Niliandika barua, nikaipa kichwa cha habari YAH: KUKIRI KUSOMA FAILI LA SIRI, nikaeleza yote, tarehe, folio, mvua, na nikaipeleka mezani kwake aipitishe kwa mkurugenzi. Nilitaka iingie kwenye faili langu, ipewe namba, iwe imekwisha. Na niwe mkweli, nilitaka pia nijue hatimaye alikuwa anangoja nini.

Aliisoma yote bila haraka. Aliikunja, akanirudishia mkononi.

"Hii siipeleki popote," alisema. "Na sijawahi kumwambia mtu, kama ndicho kilichokusumbua. La kwangu niliamua mimi kunyamaza. Hili ni lako, mzee. Ukitaka watu wajue, waambie mwenyewe. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Usinitwishe mimi nikuamulie."

Nilitoka na barua yangu mkononi. Muda wote ule alikuwa analitunza jambo langu kuliko nilivyolitunza lake, na mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya kila neno lake kutafuta kisu. Kwenye hafla yangu mlimsikia akisema nimetunza mafaili ya halmashauri hii kwa miaka mingi, mkapiga makofi. Hakuongeza neno wala hakunitazama kwa namna yoyote. Mimi ndiye niliyelia, mkadhani ni kwa sababu ya kuwaacha.

Basi nimeamua, nimewaambia. Mkitaka kuisimulia hii mbele, isimulieni, ni yangu na nimeitoa mwenyewe. Ya Kabula mwachieni mwenyewe. Alikokuwa ile miezi saba sijui mpaka leo, na siwadanganyi, nikikutana naye sokoni bado natamani kumuuliza. Maneno yanakuja mpaka kwenye meno. Namsalimia, namuuliza habari za mvua, kisha napita.